Kompyuta ya michezo kwa gharama nafuu: Mambo ya kuzingatia Chula na pwani ya Kismayo

Kijana wa Chula, Koyama au Kismayo anayetaka kompyuta ya kuchezea michezo ya kisasa hukabiliwa na maswali ambayo mwenzake wa London au Toronto hana haja ya kuyauliza. Umeme utatoka wapi, na utadumu saa ngapi? Kifaa kimoja kikifa, kingine kitafikaje kisiwani? Na upepo wa bahari wenye chumvi utaiacha kompyuta ikiwa nzima kwa muda gani?

Maelezo mengi kuhusu kompyuta za aina hii huanza na kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za mchezo kwenye skrini, kwa sababu mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote na ndicho kinachoongeza kasi zaidi. Katika visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayo mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Umeme ndio unaopanga ukubwa wa kompyuta. Ubao mama, pawasaplai na kasha ndivyo vinavyoamua iwapo itaweza kukua baadaye. Kadi ya grafiki inaweza kusubiri, hata mwaka mzima, na kompyuta ikaendelea kutumika.

Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kupanga ununuzi huo ili fedha za mwanzo zisipotee.

Sehemu za kompyuta na kazi zake

Kompyuta ya mezani ina sehemu saba kuu. Prosesa hufanya hesabu zote. RAM ni kumbukumbu ya muda, inayoshikilia kazi inayoendelea wakati kompyuta imewashwa. Diski ya SSD huhifadhi programu na mafaili hata umeme ukizimwa. Kadi ya grafiki huchora picha. Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, huziunganisha sehemu hizo zote. Pawasaplai huugeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme mdogo unaohitajika ndani, na kasha ndilo linalovibeba vyote.

Kompyuta ya kupakata, yaani laptopu, ina faida zake katika mazingira ya visiwani. Ina betri yake yenyewe, hutumia umeme kidogo, na ni rahisi kuisafirisha. Lakini katika laptopu nyingi prosesa na kadi ya grafiki hugandishwa moja kwa moja kwenye ubao. Zikipitwa na wakati au zikiungua, hakuna cha kubadilisha isipokuwa kununua laptopu nyingine. Kompyuta ya mezani inayoundwa kwa vipande hubadilishwa kipande kwa kipande, na kipande kinachotolewa mara nyingi bado kinaweza kuuzwa.

Umeme kwanza

Nchini Somalia umeme huzalishwa na kuuzwa zaidi na kampuni binafsi, nyingi zikitumia jenereta za dizeli, na bei yake ni miongoni mwa bei za juu zaidi duniani. Kwa nyumba iliyo mbali na nyaya za kampuni hizo, tegemeo hubaki jenereta ndogo au paneli za sola. Kwa hiyo kabla ya kuchagua prosesa, ni vyema kufanya hesabu ya betri.

Chukulia kompyuta isiyo na kadi ya grafiki, inayotumia grafiki zilizomo ndani ya prosesa yenyewe. Mchezo unapoendelea, kompyuta ya namna hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa inatumia takriban wati 100. Skrini ya kawaida huongeza wati 25 hivi. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, nayo hupoteza sehemu ya umeme, hivyo betri itatoa takriban wati 140. Kwa saa tatu za mchezo, hizo ni wati-saa 420.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasini. Hata hivyo, betri ya aina hiyo huharibika mapema ikizoea kutumiwa kupita nusu yake, kwa hiyo kiasi salama ni wati-saa 600. Baada ya saa tatu za mchezo, hubaki kiasi cha kutosha taa na chaji ya simu.

Hesabu hubadilika kadi ya grafiki inapoongezwa. Kadi ya AMD Radeon RX 6600, ambayo ni miongoni mwa zinazotumia umeme kwa uangalifu, imepangiwa wati 132. Kompyuta, skrini na kadi kwa pamoja hukaribia wati 260, na betri italazimika kutoa karibu wati 290. Kwa saa tatu ni wati-saa 870. Betri ile moja haitoshi tena. Paneli moja ya wati 200, ikipata saa tano za jua kali na kupoteza sehemu kutokana na joto na vumbi, hurudisha takriban wati-saa 700 kwa siku. Hiyo inatosha kompyuta ya kwanza, lakini haitoshi ya pili.

Maana yake ni kwamba kwa anayetumia sola, bei ya kadi ya grafiki ni lazima ijumlishwe na bei ya betri ya pili na paneli ya pili. Mtu asiyeifanya hesabu hii hujikuta na kompyuta yenye nguvu inayozimika katikati ya mchezo, huku betri ya nyumba nzima ikichakaa kabla ya wakati wake.

Kuna njia za kupunguza matumizi. Michezo mingi huruhusu kuwekewa kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, na kikomo hicho huizuia kompyuta kutumia umeme kwa kasi ambayo skrini ya kawaida haiwezi hata kuionyesha. Prosesa kama Ryzen 5 5600G, iliyopangiwa wati 65, inaweza kushushwa hadi wati 45 kupitia mipangilio ya ubao mama. Betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 huruhusu kutumika kwa asilimia 80 au zaidi, ingawa bei yake ya mwanzo ni kubwa kuliko ya betri za asidi.

Inveta nayo ichaguliwe kwa makini. Zile zinazotoa wimbi laini, kama la umeme wa gridi, ndizo zinazofaa. Inveta za bei ya chini zenye wimbi la ngazi huweza kuifanya pawasaplai ya kisasa ipige kelele, ipate joto au izime ghafla. Anayetumia jenereta anahitaji kidhibiti volti au UPS kati ya jenereta na kompyuta.

Sehemu zisizobadilishwa kwa urahisi

Fundi wa vyombo vya bahari hulaza mkuku kwanza, kisha mataruma, ndipo mbao zifuate. Ubao uliooza hung'olewa na kupachikwa mwingine. Mkuku ukiwa mbovu, chombo chote ni kibovu. Kompyuta nayo ina mkuku wake, nao ni ubao mama, pawasaplai na kasha. Hapa ndipo fedha za mwanzo zinapostahili kwenda.

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye ubao mama ni soketi, yaani tundu linalopokea prosesa. Prosesa ya soketi moja haiingii katika nyingine. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD ilianza mwaka 2016 na imepokea prosesa za vizazi kadhaa, hadi zile za mfululizo wa Ryzen 5000. Mtu aliyenunua ubao mzuri wa AM4 miaka mingi iliyopita ameweza, kwa kusasisha programu ya BIOS tu, kuweka prosesa iliyotoka mwaka 2022. Soketi ya AM5 ilifuata mwaka 2022, na AMD imetangaza kuiendeleza hadi mwaka 2027 na baadaye. Soketi za Intel kwa kawaida zimebadilishwa mara nyingi zaidi. LGA 1700 ya mwaka 2021, kwa mfano, ilipokea kizazi cha 12 hadi cha 14, kisha ikafuatiwa na LGA 1851 mwaka 2024.

Jambo la pili ni idadi ya nafasi za RAM. Ubao wenye nafasi nne humwezesha mtu kuanza na vipande viwili na kuongeza viwili baadaye bila kutupa chochote. Jambo la tatu ni nafasi ya diski ya aina ya M.2 pamoja na milango ya SATA ya diski za ziada.

Pawasaplai ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huibana ili kuokoa fedha, na ndiyo inayoweza kuziunguza sehemu nyingine zote ikiwa hafifu. Pawasaplai ya wati 500 hadi 550, yenye nembo ya 80 PLUS, inatosha kuanzia na itatosha pia kadi ya grafiki ya daraja la kati itakapofika. Nembo hiyo ina maana kwamba pawasaplai imepimwa na haipotezi zaidi ya takriban sehemu moja kwa tano ya umeme inaoupokea. Wengine huogopa kwamba pawasaplai ya wati 550 itamaliza betri kwa haraka. Hofu hiyo haina msingi: tarakimu hiyo ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, na hutumika kiasi kinachohitajika tu.

Tahadhari moja inawahusu wanaopokea vifaa kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Umeme wa huko ni volti 120, ilhali wa Somalia ni volti 220. Pawasaplai nyingi za kisasa hupokea zote mbili, lakini za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye alama za 115 na 230. Ikichomekwa ukutani huku swichi iko kwenye 115, huungua papo hapo.

Kasha liwe la vipimo vya kawaida vya ATX au Micro-ATX, lenye nafasi ya kadi ndefu, feni mbili au zaidi, na vichujio vya vumbi vinavyoweza kutolewa na kusafishwa.

Njia tatu za kuanza

Njia ya kwanza, na mara nyingi ya bei ya chini zaidi, ni kununua kompyuta iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Kompyuta za namna hii huuzwa kwa wingi katika masoko ya mitumba ya Dubai na Sharjah, ambako vyombo vya mizigo vya Somalia hupakia bidhaa, na katika maduka ya Mombasa na Nairobi. Ubora wake ni mzuri, lakini zina mipaka. Nyingi hutumia pawasaplai na ubao wa vipimo vya kampuni yenyewe, visivyobadilishana na vya kawaida. Zile nyembamba hupokea kadi fupi za grafiki pekee. Anayechagua njia hii achukue kasha refu la mnara, na achague prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi hutambulika kwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza kwa kizazi cha 10 na kuendelea: i5-8500 ni kizazi cha 8, na i5-6500 ni cha 6.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha 8. Ni jambo la kutarajiwa kwamba ofisi nyingi duniani zitaziuza mashine zao za zamani kwa sababu hiyo. Bei yake huvutia, lakini mnunuzi ajue anachonunua.

Njia ya pili ndiyo inayofaa zaidi kwa mwenye bajeti ndogo anayetaka nafasi ya kukua: ubao wa AM4, kwa mfano wenye chipu ya B450 au B550, na prosesa ya Ryzen 5 5600G. Prosesa hii ina viini sita na grafiki zake za ndani, na huendesha michezo kama eFootball na GTA V kwa mipangilio ya chini au ya kati bila kadi yoyote. Herufi G mwishoni mwa jina ni muhimu. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki za ndani, na bila kadi haitaonyesha chochote kwenye skrini. Kwa prosesa za Intel, herufi F ndiyo inayoashiria upungufu huo.

Njia ya tatu ni kuanza moja kwa moja na AM5 na prosesa kama Ryzen 5 8600G. Ina maisha marefu zaidi mbele yake, lakini inahitaji RAM ya DDR5 na gharama ya kuingia ni kubwa zaidi. AM4 hutumia DDR4, na aina hizo mbili haziingiliani hata kidogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani, kwa kuwa watengenezaji wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kwa sababu hiyo vipande vya DDR4 vilivyotumika, vikiwa vizima, vimekuwa mali ya kutunzwa.

RAM na diski

GB 16 ndicho kiasi kinachofaa kwa michezo ya leo. Kwa kompyuta isiyo na kadi, ni bora kununua vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16. Grafiki za ndani huazima RAM ya kompyuta, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba huongeza kasi kwa kiwango ambacho mchezaji ataona tofauti yake.

Diski iwe ya SSD. Diski za zamani zinazozunguka hutumia umeme zaidi, huchelewa, na huharibika kwa urahisi zikitikiswa safarini. SSD ya GB 500 inatosha kuanzia, ingawa michezo mikubwa huchukua GB 100 au zaidi kila mmoja. Katika masoko ya mitumba huuzwa pia diski zilizoghushiwa ukubwa, zinazodai TB 1 ilhali ndani mna sehemu ndogo tu. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma upya, hivyo udanganyifu hujulikana kabla ya muuzaji kuondoka.

Kadi ya grafiki itakapofika

Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kadi zisizozidi kiasi hicho, kama GTX 1050 Ti na aina nyingi za GTX 1650, hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Ndizo zinazofaa kompyuta za ofisini na nyumba zinazotumia sola. Zote mbili zina kumbukumbu ya GB 4, ambayo ni ndogo kwa michezo mipya, lakini bado zinacheza mingi iliyopo.

Kwa aliye na umeme wa kutosha, RX 6600 yenye GB 8 ni hatua kubwa. Huhitaji waya mmoja wa pini nane, na mtengenezaji anapendekeza pawasaplai ya wati 450. Mtu aliyenunua pawasaplai ya wati 550 mwanzoni hapo hatoi hata senti ya ziada.

Kadi za RX 580 hupatikana kwa bei ya chini, lakini zimepangiwa wati 185 na nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Uchimbaji wa Ethereum kwa njia hiyo ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zikamiminika sokoni. Zipo pia zinazoitwa RX 580 2048SP, ambazo zina viini vichache kuliko RX 580 kamili.

Kadi yoyote iliyotumika ijaribiwe kwa mchezo mzito kwa nusu saa angalau kabla ya malipo. Rangi zikikatika, vijisanduku vikitokea kwenye skrini au kompyuta ikizima, kadi hiyo iachwe.

Safari ya vipuri hadi kisiwani

Ununuzi unapaswa kwenda na majira. Wakati wa Kusi bahari huchafuka na safari za vyombo vidogo huwa za mashaka. Kaskazi ndio msimu wa safari. Anayeishi kisiwani ana sababu ya kuagiza mapema vile vinavyochakaa, kama feni, grisi ya joto na betri ndogo ya ubao mama ya aina ya CR2032.

Ndugu aliyeko Mombasa, Dubai au Ulaya anaweza kufanya kazi moja yenye thamani kuliko kununua tu: kuiunganisha kompyuta huko huko, kusasisha BIOS, kuijaribu kwa siku kadhaa, kisha kuifungua na kuituma. Ubao wa zamani wa AM4 wenye BIOS isiyosasishwa hautaitambua prosesa mpya, na kisiwani huenda asipatikane mwenye prosesa ya zamani ya kusaidia kuisasisha.

Kadi ya grafiki na kipoza joto kikubwa visisafirishwe vikiwa vimefungwa kwenye ubao, kwani uzito wake huweza kuuvunja chombo kinapopigwa na mawimbi. Prosesa ya AM4 ina pini nyembamba chini yake, hivyo isafiri ndani ya kijisanduku chake cha plastiki. Kila kipande kifungwe kwenye nailoni isiyopitisha maji pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu.

Kuunganisha vipande

Kazi yenyewe huhitaji bisibisi ya msalaba, meza safi na subira. Fundi hugusa kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Prosesa huwekwa kwa kulinganisha alama ya pembetatu na kuachwa ishuke yenyewe bila kusukumwa. Grisi ya joto ya ukubwa wa punje ya mbaazi hupakwa juu yake, kisha kipoza joto hufungwa. RAM husukumwa hadi isikike ikibana. Kwa ubao wenye nafasi nne, vipande viwili huingia nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu cha ubao kikieleza vingine. Kabla ya kuvifunga vyote kwenye kasha, ni busara kuwasha kompyuta ikiwa juu ya sanduku la karatasi ngumu ili kuhakikisha kwamba inaonyesha picha.

Chumvi, joto na unyevu

Hewa ya pwani hubeba chumvi, na chumvi hufyonza unyevu. Vikikutana juu ya shaba ya ubao mama, kutu ya kijani huanza. Kompyuta iwekwe chumba cha ndani, mbali na dirisha linaloelekea baharini, juu ya meza na si sakafuni. Kasha lisiachwe wazi kwa matumaini ya kupunguza joto, kwani uwazi huo huingiza chumvi na vumbi. Feni zikipangwa ili zinazoingiza hewa kupitia vichujio ziwe nyingi kuliko zinazotoa, hewa haitaingilia mianya mingine.

Kompyuta inayowashwa mara kwa mara hukaa kavu kuliko iliyofunikwa miezi mingi, kwa kuwa joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Kila baada ya miezi mitatu hivi, vichujio vioshwe na kukaushwa kabisa, na migusano ya RAM na kadi ifutwe kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Maji na spiriti za kawaida zenye manukato zisitumike.

Mfumo endeshi na intaneti

Asiyeweza kutumia Windows 11 ana njia ya Linux, ambayo ni ya bure. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imekuwa ikiendeleza Proton, programu inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa kwenye Linux kupitia Steam. Michezo yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Fortnite na Valorant, haifanyi kazi humo.

Suala la intaneti linahitaji hesabu kama ya umeme. eFootball ni ya bure lakini hudai muunganisho, ilhali hadithi ya GTA V huchezwa bila intaneti baada ya kusajiliwa. Mchezo wa GB 100 ukishapakuliwa Kismayo, mafaili yake yanaweza kuhamishwa kwa diski ya nje hadi kisiwani, na kila mwenye akaunti aliyeununua mchezo huo akayatumia na kupakua masasisho tu.

Aprili 2025 serikali ya Somalia iliipa Starlink leseni ya kutoa intaneti ya setilaiti. Kwa nyumba ya sola, dishi lake nalo ni mzigo: lile dogo la Mini hutumia takriban wati 25 hadi 40, na la kawaida wati 75 hadi 100. Ikumbukwe kwamba dishi la kawaida hukaribia matumizi ya kompyuta nzima isiyo na kadi.

Mpango wa hatua tatu

Kwa muhtasari, mwaka wa kwanza fedha ziende kwenye ubao wa AM4 wenye nafasi nne za RAM, Ryzen 5 5600G, vipande viwili vya RAM vya GB 8, SSD ya GB 500, pawasaplai ya wati 550 na kasha la kawaida. Hatua ya pili ni betri na paneli ya ziada. Hatua ya tatu ni kadi ya grafiki, na baadaye, ikihitajika, prosesa yenye nguvu zaidi ya soketi ile ile. Katika hatua zote hizo hakuna kipande cha mwanzo kinachotupwa.

Kompyuta inayoweza kuendesha michezo inaweza pia kuhariri video na sauti. Kwa Wabajuni na Wabarawa, ambao lugha yao nchini Somalia huishi zaidi midomoni kuliko vitabuni, kifaa hicho hicho kinaweza kuhifadhi masimulizi ya wazee, nyimbo za baharini na mashairi ya vave yanayoimbwa na wakulima wa Kibajuni. Familia inayojiuliza kama fedha hizo zitatumika kwa mchezo tu ina sababu ya kuipima gharama hiyo kwa matumizi yote mawili, na kuhakikisha tangu mwanzo kwamba ndani ya kasha kuna nafasi ya diski ya pili.